Farasi aliyekatika mdomo

Mpwa wangu aliingia karakanani kwangu Keko, Dar es Salaam, Jumatatu moja ya mwezi wa sita, kidole gumba cha kushoto kimefungwa bandeji, mkononi kashika kitu alichokizungushia gazeti. "Shikamoo mjomba." Nikaitikia huku nakitazama kile kidole. Akafungua gazeti na kuweka juu ya benchi kipande cha mpingo chenye urefu wa kidole cha kati: kifua kipo, shingo ipo, jicho moja limeanza kuchimbwa, na pale mdomo wa farasi ulipotakiwa kuwa pamemeguka kama biskuti. Nyumbani alikuwa na kingine, kimekatika mahali pale pale.

Siku tisa za kazi, nyuzi tatu za zahanati, sindano moja ya pepopunda, na kete iliyokamilika hakuna hata moja. Kila aliyesikia habari hii alitoa hukumu ile ile, kwamba kijana hana mkono wa kuchonga. Mimi ni seremala, nimeshika randa na patasi miaka mingi, na kwa maoni yangu mkono wake haukuwa na kosa. Makosa yalifanyika kabla hajagusa kisu.

Chanzo ni vizibo. Mdogo wake wa kike yuko kidato cha pili na amejifunza sataranji shuleni. Wenyewe wanaiita chesi. Nyumbani kwao Tandika upo ubao wa drafti, miraba 64, na vizibo vya soda havihesabiki. Wakafanya kama wafanyavyo wazee wa drafti, upande mmoja vizibo vimelala chali na mwingine kifudifudi, kisha wakaandika herufi kwa kalamu ya wino mzito. Kwenye drafti vizibo vyote ni ndugu, lakini kwenye chesi kila kimoja kina mwendo wake, na hapo herufi zikawashinda. Mfalme ni M, malkia naye M. Askofu ni A, askari naye A. Wakabadilisha ikawa MF na ML, AF na AR, wino ukawa unafutwa na jasho la vidole, mtu anasogeza askofu akijua ni askari, mwenzake anakataa. Ugomvi ulipofika jikoni, dada yangu akasema siku nyingine ubao utaivisha maharage. Kijana alikuwa amemaliza kidato cha sita, anasubiri matokeo, hana shughuli. Akamwahidi mdogo wake kete za mti, zote 32.

Akaenda Mwenge kwenye vinyago, akanunua vipande vya mpingo vilivyobaki kwa mafundi. Nilipomuuliza kwa nini mpingo, alinishangaa: "Si ndio mti wa kuchongea, mjomba?"

Ni kweli ni mti wa kuchongea, ila inategemea unachonga na nini. Mpingo mkavu una uzito wa kilo 1,200 hivi kwa mita moja ya ujazo, na maji ni kilo 1,000; ndiyo maana ukitupa kipande ndani ya ndoo kinazama. Ulaya wanautengenezea klarineti kwa sababu haubadiliki hovyo na unavumilia kutobolewa kwa vipimo vya nywele. Mafundi wa Kimakonde wanaushinda kwa tezo, kwa patasi inayogongwa na rungu, kwa tupa, halafu msasa unapita mara nyingi. Kisu cha mkononi hakina rungu nyuma yake. Nguvu yake yote inatoka kwenye kifundo cha mkono na kidole gumba cha mtu aliyekaa kwenye kigoda.

Na kisu chenyewe kilikuwa cha jikoni, kile chembamba kirefu cha kukatia nyanya, kinachopinda ukikikandamiza. Nilikipitisha juu ya ukucha wangu kikateleza bila kung'ata. Watu wanaogopa kisu kikali, ila kwenye mti mgumu kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu hakiingii, unaongeza nguvu, hakiingii, unaongeza tena, na kikija kuachia, ile nguvu uliyolimbikiza inakwenda yote mahali kidole kilipo. Zile nyuzi tatu zilitoka hapo.

Mti na kisu hayo ni makosa mawili, na hayahitaji seremala kuyaona. La tatu ndilo lililowavunja farasi wote wawili pale pale, na ndilo ninalotaka kulikalia.

Chukua fagio la chelewa. Lishike wima, livute kwa nguvu zako zote, chelewa hazikatiki. Sasa zikate vipande vifupi vya nusu inchi, vipange ubavu kwa ubavu, ujaribu kunyanyua safu nzima kwa kushika kipande cha mwisho. Vinaachana, kwa sababu hakuna uzi mmoja uliopita kutoka mwanzo hadi mwisho. Mti uko hivyo hivyo. Nyuzi za kete zinasimama wima, kutoka kitako hadi kichwa, na sharti ziwe hivyo, kwani ukizilaza, shingo ndiyo itakayokatika. Lakini mdomo wa farasi umetokeza mbele, unazikata nyuzi kimsalaba, kwa hiyo ule mdomo wote ni chelewa fupi zilizogandana. Ukiupunguza ukafikia unene wa penseli, kidole tu kinatosha kuuvunja, sembuse kisu kinachosukumwa na mtu mwenye hasira. Ugumu wa mpingo haukumsaidia. Mti mgumu nao una nyuzi, na mpingo unapenda kumeguka kuliko kupinda.

"Kwa nini ulianza na farasi?" nilimuuliza.

"Ndiye pekee anayefanana na kitu."

Jibu la kweli kabisa, na nadhani wachongaji wengi wanaoanza wangejibu hivyo. Alikuwa na picha ya seti aliyoiona dukani, ile ambayo dunia nzima inaijua: mfalme mwenye msalaba, malkia mwenye taji, askari mwenye kichwa cha mviringo na kola shingoni. Mtindo ule unaitwa Staunton, kwa jina la mchezaji wa Kiingereza Howard Staunton, na ulianza kuuzwa London mwaka 1849 na kampuni ya Jaques. Kabla yake kila mahali walikuwa na maumbo yao, na mgeni akikaa mezani anapata shida ya vizibo vyetu: huyu malkia au askofu? Mtindo mpya ukashinda kwa sababu kila kete inasomeka kwa mbali na kitako chake ni kizito. Ila mtazame tena yule askari. Kola, shingo, kichwa mviringo: kazi ya kerezo. Mti unazungushwa na mashine, patasi inagusa, duara linatoka lenyewe. Katika seti nzima farasi peke yake ndiye anayechongwa kwa mkono, na ndiye anayekula pesa nyingi kuliko wote kwenye seti nzuri. Mpwa wangu alikuwa anaiga kwa kisu kile ambacho mashine inafanya bila jasho, na akaanza na kete moja ambayo hata kerezo haliiwezi.

Nikamwambia tuache picha. Tuanze na swali la mdogo wake: mtu aliyekaa upande wa pili anahitaji kuona nini ili asikosee?

Mti tulioutumia ni mfenesi. Jirani yao alikuwa amekata tawi lililoegemea bati, nene kama paja, bado bichi. Mafundi wa Zanzibar wametengenezea milango mti huu miaka mingi, una rangi ya manjano iliyokolea, kisu kinauingia, na ukiwa mbichi unachongeka kama muhogo mgumu. Tulijaribu kwanza mabaki yangu ya mbao za msindano, kwa sababu yalikuwepo na ni bure, yakatushinda. Ukiona mbao imejaa mistari ya kahawia na myeupe, jua kwamba ule mweupe ni laini unabonyea na ule wa kahawia ni mgumu unakisukuma kisu pembeni, na kichwa cha askari cha sentimita mbili kina mistari mitano. Mninga ningeukubali, lakini mabaki yangu ya mninga yana wateja.

Tawi la mfenesi hatukulipiga msumeno. Tulilipasua kwa panga, panga limewekwa juu ya gogo na kugongwa rungu mgongoni, ili mpasuko ufuate nyuzi zenyewe. Tukapata miche, na ule mche wa katikati wenye moyo wa mti nikasema utupwe. Mti ukikauka unasinyaa kuzunguka pete zake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea moyoni, kwa hiyo kipande chenye moyo ndani lazima kipasuke mahali fulani. Hakina pa kwenda. Kumbukeni huu mche, tutarudi kwake. Utomvu ulitusumbua siku ya kwanza, unaganda kwenye kisu kama ubani uliotafunwa. Kitambaa chenye mafuta ya kula kikamaliza.

Kisu nilimtengenezea kutoka kwenye kipande cha msumeno mnene wa kukatia chuma: ubapa wake sentimita nne tu, mpini wa mninga unaojaza kiganja. Tulikinoa kwenye kinoo, kisha juu ya msasa wa maji uliolazwa kwenye kioo, mwisho kwenye mkanda wa ngozi wa suruali yangu ya zamani. Kila baada ya nusu saa ya kuchonga, mara ishirini kwenye mkanda. Kidole gumba kikavishwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Nikampa na masharti mawili: viwiko vikae mapajani, na mtoto yeyote asiwe ndani ya urefu wa mkono.

Vipimo tulivipata kwenye ubao. Shirikisho la dunia, FIDE, linapendekeza mfalme wa sentimita 9.5 juu ya miraba ya sentimita 5 hadi 6, na askari wanne wanatakiwa watoshe ndani ya mraba mmoja. Mraba wa ubao wetu ni sentimita 4, hivyo kitako cha askari kikawa sentimita 2 na cha mfalme 2.8. Urefu: askari 3.5, ngome 4, farasi 4.5, askofu 5, malkia 6, mfalme 7.

Askari ndiye aliyeanza, na hapa ndipo kijana alipojifunza karibu kila kitu. Mche wa mraba wa sentimita 2, urefu kama rula, haukatwi vipande. Unachongwa kichwa ukiwa bado mrefu ili uwe na pa kushika, na msumeno unaukata mwisho kabisa. Kila uso wa mche unapigwa mistari miwili ya penseli, milimita 6 kutoka kila ukingo. Ukiondoa kona hadi kwenye mistari hiyo, mraba unageuka pembe nane zilizo sawa, na pembe nane kwa kisu ni rahisi mara kumi kuliko duara. Zikaachwa hivyo, pembe nane, wala hatukuzisugua zikawa mviringo. Mikato ya kisu inayoonekana ndiyo sura yake.

Kisha shingo. Kisu kinasimamishwa kwenye mstari, mche unaviringishwa chini yake taratibu kwenye benchi, kinaacha mkato wa kuzunguka wenye kina cha milimita moja. Huo ni ukuta. Halafu unachonga kutoka juu kushuka kwenye ukuta, na kutoka chini kupanda kwenye ukuta, vipande vyembamba kama ganda la kitunguu, kidole gumba cha mkono wa kushoto kikisukuma mgongo wa kisu. Ukiruka ule ukuta, mkato mmoja unapitiliza na kichwa kinaondoka nao. Vichwa vitatu vya askari viliondoka hivyo na kuishia kwenye maranda. Unarudia, ukuta tena, pande mbili tena, mpaka shingo imebaki nusu ya unene. Sio nyembamba zaidi ya hapo.

Askari wa kwanza alichukua saa moja na dakika arobaini. Wa nane alichukua dakika ishirini na tano. Na nilimkataza kummaliza mmoja ndipo amwanze mwingine. Kona za wote, kisha kuta za wote, kisha shingo za wote, vinginevyo unapata ukoo mzima wenye kaka warefu na wadogo wafupi.

Ngome zilikwenda upesi: mche umeachwa mraba, juu umepigwa msumeno kimsalaba. Mfalme tulimnyima msalaba kwa sababu mikono ya msalaba ni mdomo wa farasi mwingine, chelewa fupi. Akapata kifundo cha mraba kichwani. Malkia alipanuka juu kama kikombe. Farasi hatimaye alipatikana kwa mikato mitatu: paa moja lililoinamia mbele, pengo lenye umbo la V chini ya kidevu, na mgongo uliokatwa kwa mshazari. Hana masikio, macho wala meno. Mdomo wake una unene wa sentimita moja na nusu na hautokezi nje ya kitako. Mdogo wake alipoonyeshwa akasema, "Anafanana na punda aliyechoka," lakini alijua ni farasi bila kuambiwa, na ndicho tulichokuwa tunakitafuta.

Kukausha kulichukua wiki tatu, kete zimelala ndani ya maranda kwenye mfuko wa karatasi wa saruji. Mifuko ya lailoni tungeipata wapi, ilipigwa marufuku Juni 2019, na hata hivyo ingetupa ukungu. Kila Jumamosi kijana alipeleka kete zile zile nane kwa muuza duka kuzipima kwenye mizani. Uzito ulipoacha kushuka tukajua maji yameisha.

Kwa upande mweusi nilikataa rangi ya viatu. Wapo wanaopaka rangi ya viatu miti mingine wakaiuza kama mpingo, na mteja anagundua siku mikono ikitoka jasho. Tulitia stilwaya ya kusugulia sufuria, ile isiyo na sabuni, ndani ya siki siku mbili, kifuniko kikiwa kimelegea maana inatoa gesi. Tulipoijaribu peke yake mti ukawa kijivu cha panya. Tukachemsha majani ya chai mazito, tukapaka chai kwanza, ikakauka, ndipo maji ya stilwaya yakapita juu: nyeusi ikaja mbele ya macho yetu, kwa sababu chuma kinahitaji ule ukali wa chai, na mti wetu haukuwa nao wa kutosha. Nta ya nyuki ikasuguliwa mwisho. Dada yangu alishauri mafuta ya nazi, lakini hayo hayakauki.

Nilidhani tumemaliza. Mwezi wa nane kijana akazipeleka kijiweni, chini ya mwarobaini ambapo wazee wanacheza drafti, akamfundisha mzee mmoja miendo ya chesi kwa jioni mbili. Jioni ya tatu mzee akashika askofu mweusi akampeleka hatua moja mbele, kama askari. Akarudia tena baadaye. Askofu wetu alikuwa na kichwa chenye ncha na ufa wa mshazari wa msumeno, nadhifu kabisa mchana. Saa kumi na mbili na nusu jioni, chini ya mti, ufa hauonekani na unabaki na askari mrefu. Tulikuwa tumerudi kwenye A na A.

Suluhisho lilitoka kwa mdogo mtu. Shuleni walikuwa wameambiwa kwamba askofu ni wa Wazungu. Kwa Waajemi na Waarabu, ambako jina letu sataranji limepitia, kete ile ilikuwa fili, yaani tembo, na malkia alikuwa waziri wa kiume mwenye hatua moja tu ya mshazari. Zipo seti za Kiislamu za karne ya 12 ambazo hazina sura ya mnyama wala mtu: tembo ni kigogo chenye vinundu viwili juu, kama pembe zake mbili. Wapo wanaosema ufa wa kofia ya askofu wa leo ni mabaki ya nafasi kati ya pembe hizo. Basi kijana akachukua maaskofu wake wanne, akakata ncha, akachimba bonde pana katikati ya kichwa. Vikabaki vinundu viwili, na kidole kinavihisi hata ukifumba macho. Nikiri kwamba mimi nisingewaza hivyo. Ningeongeza kina cha ufa, na kichwa kingepasuka.

Mzee hakukosea tena, ingawa mpaka leo anamwita tembo na hataki kusikia habari ya askofu. Umeme ulipokatika wiki iliyofuata, ndugu wawili walimalizia mechi yao kwa mwanga wa simu iliyobakiwa na chaji kidogo, wakipapasa vichwa vya kete, na dada yangu hakuitwa kuamua.

Mwezi wa kwanza askari mweusi mmoja alipasuka toka kichwani hadi kitakoni. Alikuwa amesahaulika dirishani juani siku kadhaa, lakini wenzake walikuwa hapo hapo na wako wazima. Nikautazama mpasuko: pete ndogo kabisa, katikati. Nikamtazama kijana. Akaangalia chini, akasema miche ilimpungukia mmoja, na ule wenye moyo ulikuwa bado uko pale kwenye maranda.

Atachonga mwingine akirudi likizo kutoka chuoni. Kwa sasa pale mbele ya ngome kuna kizibo cha soda kimelala kifudifudi, na hawakuona haja ya kukiandika herufi.